Kidole cha Shangazi

Ndani ya togwa nzuri hamna hata kijiko cha sukari. Utamu wote huletwa na ulezi uliooteshwa, ndiyo maana kwetu Songea Krismasi huanza siku nyingi kabla ya tarehe 25, kwenye gunia bichi pembeni ya jiko.

Kwa shangazi yangu, mtaa wa Lizaboni, kazi huanza kwa kupepeta. Punje iliyovunjika haioti, na isiyoota huoza. Ulezi ukishalala majini usiku kucha, huutandaza kwenye gunia na kuufunika kwa majani ya mgomba. Kila asubuhi hufunua, hunusa, hunyunyiza maji kidogo, hufunika tena. Vimizizi vyeupe vikianza kushikana, ulezi hutoka juani. Hapo Desemba humtesa, maana ni msimu wa mvua, na jua huchungulia tu na kupotea. Huanika, huanua, huanika tena, wala simsikii akinung'unika. Ulezi uliokauka nusu hutoa kimea chenye uvundo, na hakuna uji wa kuficha harufu hiyo.

Uji wenyewe ni wa unga wa mahindi, mzito, ulioiva hasa. Ukishaepuliwa, unasubiriwa. Kimea kina vimeng'enya vinavyovunja wanga kuwa sukari. Vikitiwa kwenye uji unaotokota vinaharibika, na uji ukipoa mno vinafanya kazi kivivu. Shangazi hana kipimajoto. Huchovya kidole, hukitoa, huendelea na mchele wake, hurudi kuchovya.

"Shangazi, unajuaje kwamba tayari?"

"Kidole kikivumilia, kimea nacho kitavumilia."

Akishatia kimea na kukoroga, uji uliokuwa ukiushika mwiko usimame hulegea mbele ya macho yako, dakika chache tu, ukawa mwepesi kama maziwa. Sababu yake naijua, na bado huwa naacha ninachofanya ili nitazame. Kisha chungu hufunikwa kilale, bakteria walete ule ukali unaokata utamu. Kikiachwa siku nyingi, togwa huelekea kwenye pombe, na kuna wazee wasioliona hilo kuwa tatizo.

Wamisionari Wabenediktini walipofika Peramiho mwaka 1898, magharibi ya mji wa sasa wa Songea, walikuta watu wanaojua kuotesha ulezi tayari. Sikukuu ilikuwa ngeni, chungu hakikuwa kigeni. Tena togwa ina adabu ambayo pombe ya komoni haina: mtoto anakunywa, majirani zetu Waislamu wanapelekewa jagi lao, na hakuna anayeulizwa dini wala umri.

Mchana wa Krismasi, baada ya misa, waliosafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam, kilomita zipatazo 950, huwa bado miguu imewavimba. Kuna pilau, kuna maandazi, kuna maembe. Lakini ubishi huzuka kwenye togwa, kila mwaka, na mwanzilishi ni yuleyule baba mdogo, kikombe cha pili kikiwa mkononi.

"Nzuri, dada. Ila ya marehemu mama ilikuwa nzito. Ukinywa, unashiba."

"Ilikuwa nzito kwa sababu mama alikuwa na haraka," shangazi humjibu. "Uji wake haukusubiriwa upoe hata siku moja."