Mwisho wa Kazi ni Alhamisi Jioni

Ukipata kadi ya harusi ya Wasabato kutoka Kendu Bay, aghalabu siku iliyoandikwa ni Jumapili. Sababu kila mtu anaijua: Jumamosi ni Sabato, nayo huingia Ijumaa jua linapozama. Lakini anayepanga harusi ana hesabu nyingine ambayo kadi haiisemi. Huku karibu na ikweta jua huzama saa zilezile karibu mwaka mzima, baada ya saa kumi na mbili na nusu jioni. Tangu hapo mpaka saa kama hizo kesho yake, katika boma la Wasabato hakuna anayepasua kuni, anayeshona wala anayefunga riboni. Tena Ijumaa yenyewe ina pengo. Kendu Bay ni mji wa kando ya ziwa wenye Waislamu wa tangu zamani, na si ajabu ukoo mmoja wa hapa Karachuonyo kuwa na shangazi kanisani na binamu msikitini. Adhuhuri ya Ijumaa sehemu ya mikono yako imekwenda kuswali. Alasiri waliobaki wanapika chakula cha Sabato, wanafua, wanafagia, wanafunga maduka. Ukijumlisha hayo yote, familia inayotaka mapambo, vyombo na zawadi vitokane na kazi ya nyumbani lazima iwe imemaliza kazi hiyo Alhamisi jioni.

Nimeanza na siku kwa sababu mipango mingi huanza na rangi. Kamati ya harusi inakaa kikao cha kwanza, mtu anasema zambarau na dhahabu, wengine wanakubali, na kuanzia hapo kila kitu kinatafutwa ili kilingane: hema, vitambaa vya viti, sare za wapambe, keki. Huo ni mpango wa manunuzi, na kwa mwenye fedha unafanya kazi vizuri. Kazi ya mikono ina sheria tofauti. Inaongozwa na muda ambao kitu huchukua kukauka, na mtu anayejua kukitengeneza, na siku ambazo mtu huyo yuko huru. Mambo hayo matatu yakipangwa kwanza, rangi itajitokeza yenyewe.

Nikiombwa kuchagua wazo la kuongoza harusi ya aina hii Kendu Bay, nitachagua chungu. Si kwa ajili ya kuonekana cha kiasili kwenye picha. Mtafiti Ingrid Herbich, aliyeishi miongoni mwa wafinyanzi wa Kijaluo huko Siaya katika miaka ya 1980, aliandika jambo ambalo wenyeji waliliona la kawaida kabisa: wafinyanzi wengi walikuwa hawakujifunza kwa mama zao. Walijifunza baada ya kuolewa, kwa mama mkwe au kwa wanawake wakubwa wa boma waliloingia. Kwa hiyo nakshi za chungu zilifuata mahali mwanamke alikoolewa. Binti akiolewa ng'ambo ya mto, mikono yake ilijifunza nakshi za ng'ambo hiyo. Sioni pambo la harusi lenye maana kubwa kuliko hilo, na liko tayari, halihitaji kubuniwa mjini.

Namna ya kulitumia ni rahisi ukimtazama mfinyanzi akifanya kazi. Udongo hutwangwa, ukachambuliwa mawe na mizizi, ukachanganywa na mchanga au vigae vilivyosagwa ili usipasuke. Chungu hujengwa kwa pindi za udongo, moja juu ya nyingine, mfinyanzi akizungusha mkono na kulainisha kwa kigae cha kibuyu. Kabla udongo haujawa mgumu, anachukua kipande kifupi cha kamba iliyosokotwa au kufumwa, anakilaza begani mwa chungu na kukibiringisha kwa kiganja. Kamba inaacha safu za vishimo vidogo, sawasawa kama mbegu zilizopangwa. Kipande hicho cha kamba ndicho nakshi yenyewe. Omba uazimwe kwa siku moja, au mwombe mama akusokotee kingine kama hicho. Kikipakwa wino na kubiringishwa pembezoni mwa karatasi, kinatoa mstari uleule kwenye kadi za mwaliko. Kikibiringishwa juu ya sukari laini ya keki (kipya na kisafi, si kile cha udongo), mstari ni uleule. Fundi wa cherehani naye anaweza kuufuata kwa uzi kwenye ukosi wa sare. Kamba moja imeunganisha kadi, keki, nguo na meza, na hakuna aliyelazimika kununua rangi ya dhahabu.

Gendia, juu kidogo ya mji, wamisionari wa Kisabato waliofika mwaka 1906 walianzisha kazi ya uchapaji miaka michache tu baadaye, na nyumba ya uchapaji ingali huko. Kwa hiyo kadi iliyochapwa vizuri si jambo geni hapa. Lichapishe jina na tarehe, kisha pembe ziachie mikono ya wapwa.

Sasa kalenda. Chungu kilichofinyangwa leo hakichomwi kesho. Kinakaa kivulini wiki moja au zaidi, kwa sababu kikikaushwa juani upande mmoja hutangulia kusinyaa na kinapasuka. Masika, kati ya Machi na Mei, muda huo unarefuka, na kuchoma kwenyewe kunahitaji siku kavu, maana vyungu huchomwa nje kwa kuni, nyasi na samadi. Katika moto wa namna hiyo vingine vitapasuka tu. Kwa meza ishirini agiza vyungu ishirini na vitano, na uagize miezi miwili kabla. Ndiyo maana mimi ningepanga harusi hii Agosti: mvua kubwa zimepita, shule zimefungwa, wajomba wa Nairobi wanaweza kuja na watoto wao. Desemba ina watu wengi zaidi nyumbani, lakini vuli inaweza kuwa haijaisha, na wafinyanzi, mafundi na magari vyote vinagombaniwa.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo huharibu meza nyingi. Moto wa wazi kwa kawaida haufiki nyuzi 1,000 za Sentigredi, hivyo udongo hauivi mpaka ukaziba. Chungu kinabaki na vitundu visivyoonekana, maji hupenya polepole na kukauka juu ya ngozi yake, na hapo ndipo ubaridi wake unapotoka. Ukikijaza maji na maua na kukiweka juu ya kitambaa cheupe, baada ya saa mbili kitambaa kina duara la rangi ya udongo. Weka kisahani chini, au jaza mchanga mkavu na utumie maua ya karatasi. Kwa upande wangu, ningekitumia kwa kazi yake: vyungu vikubwa vya maji ya kunywa yaliyochemshwa, kimoja kwa kila hema, na kata za vibuyu kando. Kwenye joto la Kendu Bay wageni watakushukuru, na hutaokota mamia ya chupa za plastiki Jumatatu asubuhi.

Mikeka ni ya mafunjo. Mafunjo yanayokatwa ufuoni ni mazito kwa maji, yanahitaji siku kadhaa za jua kabla ya kushonwa, na yakishonwa mabichi mkeka unalegea na kuota ukungu. Gugu maji, lile lililovamia ziwa tangu mwisho wa miaka ya 1980, linafaa kwa vikapu vidogo vya zawadi na pete za vitambaa vya mezani, lakini hesabu yake huwashangaza vijana: zaidi ya asilimia 90 ya mmea huo ni maji. Kilo kumi za mashina mabichi hazikupi hata kilo moja ya kusukia. Wanaotumwa ziwani watumwe mara kadhaa, mapema, na mzee anayejua mahali penye viboko asiachwe nyumbani.

Kati ya vitu vyote vya kutengeneza, kimoja nakipa uzito kuliko vingine. Wasabato wengi wa huku hawavishani pete. Kanisani bwana na bibi harusi hupeana Biblia. Biblia hizo hununuliwa dukani zikiwa na jalada jeusi, zikabadilishana mikono kwa dakika moja, zikarudi kwenye mkoba. Mama wa kila upande angeshonea moja mfuko wa kitambaa, kwa kipande cha leso au gauni alilolivaa mwenyewe kwenye siku kubwa ya maisha yake, mstari wa kamba ukapitishwa pembeni kwa uzi, kitu kile kingekaa nyumbani miaka hamsini. Ni kazi ya jioni mbili. Inafaa ifanywe na akina mama wenyewe, hata kama fundi angeshona nadhifu zaidi.

Kabla ya Jumapili hiyo kuna ayie, siku ambayo upande wa mume huenda kwa kina binti kupeleka ile fedha ya kumheshimu mama mkwe, na mazungumzo ya ng'ombe kufuata au kutangulia kadiri wazee walivyokubaliana. Siku hizi ayie nayo imekuwa na hema, sare na mpiga picha, na familia nyingi hulipia mapambo mara mbili. Kazi ya mikono inaondoa gharama hiyo: mikeka na vyungu havina tarehe wala majina, vinaweza kutumika kwa kina binti kisha vikasafirishwa kwa kina mume. Wale wanaoishia kwenye ndoa ya kimila pasipo kanisa wakumbuke kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inawataka wamjulishe msajili ndani ya miezi mitatu baada ya taratibu kukamilika.

Pakitokea mabishano kuhusu mila, na yatatokea, kuna pa kuanzia. Paul Mboya, chifu wa Karachuonyo na mmoja wa viongozi wa mwanzo wa Wasabato, aliandika kwa Dholuo kitabu kuhusu mila na desturi za Wajaluo, Luo Kitgi gi Timbegi, kilichotoka mwaka 1938. Mtu wa kanisa wa hapa hapa aliona mila za wazee wake zinastahili wino. Shangazi akisoma sehemu ya ndoa kwa sauti kwenye kikao cha kamati, vijana hupata cha kuuliza na wazee hupata cha kusahihisha. Jambo moja halihitaji kitabu: usipange meza ambayo bwana harusi atakaa ubavuni mwa mama mkwe wake wala kula naye. Heshima hiyo ingali hai, na mpambaji wa kutoka mjini asiyeambiwa atawaweka pamoja ili picha ipendeze.

Mpambaji huyohuyo ataelekeza mdomo wa hema ziwani kwa ajili ya mandhari. Asubuhi atakuwa sahihi. Mchana upepo hugeuka na kuvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na huongezeka nguvu wakati ambapo hotuba zinaanza. Hema lipewe mgongo upande wa ziwa. Kila kinachoning'inia kifungwe ncha zote mbili, na maua ya karatasi yashonwe kwenye kamba, yasibandikwe kwa gundi.

Chakula sitakizungumzia sana, isipokuwa mambo mawili. Kwanza, ngege ndiye samaki wa kuwakutanisha wote: ana magamba, kwa hiyo Msabato anamla, na Mwislamu hana swali la nani alimchinja. Kambare, yaani mumi, Msabato hali. Kuku na ng'ombe wachinjwe na Mwislamu, na sufuria moja itatosha ukoo mzima. Pili, idadi. Mji huu unaishi jirani na Simbi Nyaima, ziwa la volkano ambalo kila mtoto wa Karachuonyo anajua hadithi yake: kijiji kilikuwa katika sherehe, mwanamke mzee akaja akiwa na njaa, akafukuzwa, na usiku huo kijiji kikazama. Harusi ya nyumbani huku haihesabiwi kwa kadi zilizotumwa. Jirani huja, na mpita njia huja, na hakuna anayesimama langoni na orodha. Ukiwa na kadi mia tatu, pika kwa mia tano, na uwape kazi ya kupakua watu wawili wanaowajua majirani kwa nyuso.

Hapo ndipo usiku wa Jumamosi unapopata kazi yake. Jua likizama na Sabato ikiisha kwa sala, kuna saa kama kumi na mbili tu mpaka asubuhi. Saa hizo ni za moto: kuchinja, kumenya viazi, kukanda unga wa chapati, kupokea samaki wa alfajiri kutoka kwa wavuvi. Mtu anayeshika gundi na mkasi usiku huo ameondoa mikono miwili jikoni. Kwa hiyo kamati imteue mtu mmoja, ikiwezekana nyanya asiyeogopa kukataa, apite boma lote Alhamisi jioni akiwa na taa. Ambacho hakijakamilika hapo kiachwe hivyo, kiwekwe ghalani, na asiruhusiwe mtu kukiendeleza. Vyungu kumi na vinane badala ya ishirini vinatosha. Meza mbili zitapewa maua kwenye vibuyu. Ijumaa asubuhi, kabla ya adhuhuri, vijana wasimamishe hema na kupanga mikeka ikiwa imekunjwa, tayari kufunguliwa Jumapili umande ukikauka.