Mvinyo wa Dodoma wa miaka mitano: umekomaa au umezeeka?

Tulikuwa na chupa mbili mezani. Zote ni mvinyo mwekundu mkavu wa zabibu za Makutupora, za mtengenezaji mmoja. Moja ni ya mwaka huu, nyingine ina miaka mitano na bei yake ni karibu mara mbili. Sasa hiyo nyongeza tunalipia nini hasa?

Tulionja watu wanne, chupa zimefungwa gazeti ili asijue mtu ipi ni ipi. Hilo si pozi. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux, Ufaransa, walichapisha jaribio ambalo wanafunzi 54 wa fani ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wakauelezea kwa maneno ya mvinyo mwekundu! Jicho lilishaamua kabla ya pua. Bei nayo inaweza kutufanyia hivyohivyo.

Tuanze na rangi. Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe, uangalie ukingoni. Mvinyo mchanga ulikuwa wa zambarau, ule wa zamani umeelekea rangi ya tofali. Hapo hakuna ubaya: chembe za rangi za zabibu hushikamana polepole na tanini, rangi ikabadilika.

Mdomoni, mchanga ulikuwa na ukakasi, ule wa kung'ata ndizi mbichi. Ni tanini zinazonasa protini za mate, ulimi ukakosa utelezi. Miaka ikienda, tanini hubadilika na nyingine hutuama chini ya chupa, ndiyo maana mvinyo wa zamani ulikuwa laini zaidi. Hapa chupa ya bei inapata alama, tena ya haki.

Tatizo ni harufu. Mchanga ulinukia matunda. Wa zamani ulianza vizuri, tende kidogo na majani makavu, halafu ikaja harufu ya tufaa lililokatwa likaachwa wazi. Hiyo ni dalili ya asetaldehidi, ambayo hutokea oksijeni inapoushambulia mvinyo. Ladha nayo ilikatika mara tu baada ya kumeza. Watu watatu kati ya wanne walichagua mchanga.

Hukumu yangu: mvinyo huu umezeeka, haujakomaa. Hayo ni mambo mawili tofauti. Kukomaa kunataka utulivu na ubaridi. Kwa makadirio ya kawaida ya wanakemia, joto likipanda nyuzi 10, mwendo wa mmenyuko huongezeka kama mara mbili. Dodoma tuko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari na usiku kunapoa, lakini mchana wa Oktoba na Novemba chini ya bati, si unajua mwenyewe. Chupa niliikuta imesimamishwa rafuni, juani. Chupa ya kizibo cha gome ikisimama muda mrefu, kizibo hukauka na hewa hupenya. Kwa hiyo miaka mitano ya rafu hiyo haiwezi kulingana na miaka mitano ya ghala lenye ubaridi.

Kwa nini nalivalia njuga? Kwa sababu mtu akionja chupa iliyochoka hasemi "duka limeihifadhi vibaya". Anasema "mvinyo wa Dodoma hauna kitu". Hukumu hiyo inamwangukia mkulima wa Hombolo au Mpunguzi ambaye zabibu zake hazikuwa na kosa. Na mkoa huu unavuna mara mbili kwa mwaka. Mvinyo mchanga mzuri hauko mbali. Tusiuze umri kama sifa wakati lebo haituambii zabibu zilivunwa lini wala chupa ilikaa wapi.

Kwa hiyo, ukinunua, chukua mchanga, ulaze chupa mahali pa baridi na giza. Ukiuziwa wa zamani, uliza ulihifadhiwaje. Muuzaji akikosa jibu, usilipe nyongeza.

Na kama hunywi pombe au hujafika miaka 18, somo la ukakasi bado unalo jikoni. Chemsha chai ya rangi iwe nzito, onja bila sukari, kisha ongeza maziwa uonje tena. Ukakasi unapungua, kwa sababu tanini zimenasa protini za maziwa badala ya za mate yako. Jaribu leo, utuambie umeonaje.