Povu Halifungui Sinki

Video za kuzibua sinki zinafanana: bekingi soda inamwagwa kwenye tundu la sinki lililoziba, siki inafuata, povu linafura, mwishoni birika la maji ya moto linamiminwa, na baada ya muda maji yanateremka. Mtazamaji anaamini kwa sababu ameona kitu kikichemka. Kwa bahati mbaya, kule kuchemka ndiko kunakoimaliza dawa.

Siki ya dukani kwa kawaida ina asidi ya asetiki asilimia 5. Bekingi soda ni alkali dhaifu. Zikikutana zinauana nguvu: hewa ya kaboni dioksidi inatoka, na kinachobaki ni maji yenye chumvi ya sodiamu asetati, ambayo haikati mafuta wala haiyeyushi nywele. Kijiko kikubwa kimoja cha bekingi soda, gramu 14 hivi, kinaweza kuimaliza karibu mililita 200 za siki, yaani glasi nzima. Hiyo hewa nayo haisukumi uchafu, kwa kuwa tundu liko wazi na inapanda juu. Kama sinki limezibuka, mara nyingi lililosaidia ni lile birika la maji ya moto linalomiminwa mwishoni, maana mafuta yaliyoganda hulainika kwa joto. Ni afadhali kukinga ndoo, kufungua kikombe kilicho chini ya sinki na kuutoa uchafu kwa mkono.

Siki peke yake, hata hivyo, ina kazi inayoiweza hasa. Unguja, visima vingi vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, ambao ni kalisi kaboneti. Maji yanapita humo yakiiyeyusha kidogo kidogo, kisha yakichemshwa inaganda tena: ule ukoko mweupe wa ndani ya birika. Changanya siki na maji nusu kwa nusu, chemsha, zima, acha nusu saa. Vipovu vidogo vitatoka kwenye ukoko wenyewe, na utaanza kubanduka. Suuza vizuri. Ndimu nayo hufanya hivyo hivyo, kwa asidi yake ya sitriki.

Ila asidi haichagui. Inayokula ukoko wa birika inakula pia sakafu ya tarazo, kwa sababu saruji na vipande vya marumaru vilivyomo vina kalisi hiyohiyo. Wanaoshauri kupiga deki kwa siki "ili sakafu ing'ae" wanaharibu mali za watu. Mng'ao ukishaliwa haurudi bila fundi wa kusugua kwa mashine.

Kwa kusugua sufuria, majivu ya kuni yanastahili heshima zaidi. Yana potasiamu kaboneti, alkali inayogeuza sehemu ya mafuta kuwa sabuni, na chembe zake zinakwangua masizi. Lakini sufuria ya alumini isilowekwe humo, itafifia na kuweka weusi.

Ushauri mmoja siwezi kuuvumilia: kuongeza jiki kwenye siki au ndimu ili choo kitakate zaidi. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, inayochoma macho na mapafu. Ukiisikia harufu yake kali, toka nje mara moja na uwatoe watoto. Choo kitasubiri.