Sinema Yafundisha, Lakini Nani Ajifunza?

Tumetazama tena sinema ya fizika iliyotengenezwa mwaka 1960. Jina lake ni Frames of Reference. Walimu wawili wa Chuo Kikuu cha Toronto, nchi ya Kanada, ndio wanaofundisha humo: Patterson Hume na Donald Ivey. Ilitengenezwa kwa ajili ya kamati ya Marekani iitwayo PSSC, iliyoanza mwaka 1956 ili kufanya upya mafundisho ya fizika katika shule za sekondari. Siku hizi hata mwenye simu aweza kuipata kwenye intaneti. Basi tuulize: je, yamfaa mwanafunzi anayeanza?

Kwanza tuisifu. Mwanzoni walimu hao wanaonekana mmoja kichwa juu, mwingine kichwa chini, nao wanabishana ni nani aliyepinduka. Baadaye twaona gari dogo likienda kwa mwendo ule ule, na mpira wa chuma ukiachiwa toka juu yake. Kamera iliyofungwa garini yaonyesha mpira ukishuka wima. Kamera iliyosimama chini yaonyesha mpira ule ule ukipita njia ya kupinda. Mpira ni mmoja, watazamaji ni wawili. Neno hilo chaki na ubao ni shida kulionyesha.

Lakini sinema ina kosa lake: haimngojei mtu. Mwanafunzi hajafikiri bado, na jibu limekwisha kutolewa. Aitikia kwa kichwa, asema, «Nimefahamu.» Kesho umwulize: mtu amekaa katika basi liendalo sawasawa, arusha limau juu kidogo, litaanguka wapi? Wengi watajibu: nyuma yake. Kumbe litamrudia mkononi. Macho yaliona, wazo la zamani likabaki.

Derek Muller aliuchunguza ugonjwa huo katika Chuo Kikuu cha Sydney, nchi ya Australia, akaandika matokeo mwaka 2008. Wanafunzi walioonyeshwa maelezo safi tu waliyasifu kuwa rahisi, lakini hawakuendelea sana. Wengine walionyeshwa mazungumzo ambamo makosa ya watu yanatajwa wazi, kisha yanasahihishwa. Hao waliona kazi ni nzito zaidi, nao ndio waliojifunza zaidi. Basi tusipime somo kwa utamu wake.

Kwetu Kongo kuna shida nyingine tena: walimu hao wasema Kiingereza, na watoto wa sekondari wasoma kwa Kifaransa. Pasipo mwalimu wa kueleza, sinema itakuwa mchezo tu.

Ninyi walimu, shauri letu ni hili. Simamisheni sinema kabla mpira haujaachiwa. Kila mtoto aandike utaangukia wapi, kisha wabishane. Ndipo watazame. Halafu watokeni nje: mmoja atembee kwa mwendo ule ule, aachie jiwe dogo bila kusimama, na wenzake walioko kando watazame laangukia wapi. Litaanguka karibu na mguu wake, si nyuma. Jaribio hilo halitaki umeme.

Na ninyi wazazi mnaochangia shule, msiudhanie ukuta wenye picha kuwa ni mwalimu. Sinema hii ni msaidizi mwema sana. Lakini msaidizi hatumwi peke yake. Mwenye fedha kidogo aanze na mwalimu, kisha anunue mashine.