Leso Mbili za Manukato

Manukato yaitwayo Chanel No. 5 yamesifiwa kwa zaidi ya miaka mia moja, na wengi wayasifuo hawajapata kuyanusa. Sifa za namna hiyo ni mzigo. Mwigizaji wa Marekani, Marilyn Monroe, aliyataja katika miaka ya 1950 kuwa ndiyo ajipakayo alalapo, na jina lake likafika hata mahali ambapo chupa yake haikufika. Mhakiki hana budi kuliweka jina kando kwanza, aitumie pua yake.

Yalitolewa Paris mwaka 1921. Mtungaji wake alikuwa Ernest Beaux, mzaliwa wa Moscow. Aliyemwagiza ni Gabrielle Chanel, mbunifu wa mavazi ya kike, ambaye aliletewa vielelezo vyenye namba akachagua cha tano. Zamani zile ilikuwa desturi mwanamke wa heshima anukie ua moja lijulikanalo, kama waridi. Beaux alichanganya asumini, waridi, msandali na zabadi ya fungo, kisha akatia kwa wingi usio wa kawaida aldehidi, ambazo ni kazi ya wanakemia wala si ya bustani. Harufu yake ni ya baridi. Yakaribia sabuni, na mshumaa uliozimwa sasa hivi. Kwa hiyo mnusaji huhisi maua mengi, asiweze kulitaja hata moja. Kikuba cha Waswahili wa pwani hutenda kinyume: asumini, rehani na mkadi vyote huonekana kwa jicho na kutambulikana kwa pua, na kukicha kazi yake imekwisha. Kwa arusi ya usiku mmoja mimi ningechagua kikuba.

Hata hivyo, ndani ya chupa ile ya Paris limo ua la jirani zetu. Langilangi, ambalo asili yake ni Asia ya Kusini Mashariki, lilipandwa na Wafaransa katika Visiwa vya Komoro, na visiwa hivyo vimekuwa mbele duniani kwa mafuta yake. Maua huchumwa asubuhi na mapema, jua lisijayachosha, yakatiwa mvuke. Kilo 100 hutoa mafuta kama kilo 2 tu, na yale ya mwanzo ndiyo yenye thamani kuu. Huo utamu mzito usikikao chini ya ubaridi wa aldehidi, unaokumbusha ndizi iliyoiva sana, ni wa langilangi.

Nilitaka kujua kama sifa hizi ni za kweli au ni za bei. Mwalimu mwenzangu alinitilia tone moja la manukato halisi katika leso. Leso ya pili niliitia ya chupa iliyouzwa Kitale kwa bei ya soda mbili, yenye jina lile lile na herufi moja iliyokosewa. Nikapanda matatu ya Bungoma, leso moja katika kila mfuko.

Hadi Kiminini leso ya bei nafuu ilikuwa ikishinda. Ilisema yote mara moja, kama insha za wanafunzi wangu ambazo hoja zake zote hukaa katika sentensi ya kwanza. Leso ya pili ilikuwa kali na kavu, nami nikaanza kuwashuku wasifu wake. Tulipofika Webuye mambo yalikuwa yamegeuka: ya Kitale haikubaki ila spiriti na sukari, na ile nyingine ndiyo kwanza ilikuwa inafunguka.

Mama mmoja mtu mzima, mwenye kikapu cha samaki wakavu miguuni, aliniinamia akasema, "Mwanangu, mfukoni mwako mna nguo iliyofuliwa ikapigwa pasi, na ndani yake mmefichwa maua." Sikumwambia jina la manukato wala bei. Katika yote niliyosoma juu ya Chanel No. 5 sijaona hukumu iliyo sahihi kuliko hiyo, nayo ilitolewa juu ya harufu ya samaki.

Asubuhi ya pili, Bungoma, leso ilikuwa imebaki na msandali na joto kidogo, kama la ngozi. Ile ya Kitale niliifua.