Mbegu za Mlimani Kwenye Bidoni

Tunda hili wenyeji wa nyanda za juu za Uvira wanalijua: dogo, la mviringo, la manjano, limejifunika ganda jembamba. Kule juu, kuelekea milima ya Itombwe, mmea wake hujiotea kwenye mashamba yaliyoachwa na pembezoni mwa msitu, ingawa asili yake ni milima ya Andes huko Amerika Kusini. Wataalamu huuita Physalis peruviana, jina ulilopewa na Linnaeus mwaka 1763. Anayeushusha mpaka mjini Uvira, mita 770 hivi juu ya bahari, na kuuotesha kwenye bidoni iliyokatwa, anaubembeleza mmea wa baridi uzoee joto la Ziwa Tanganyika. Ubembelezaji huo ndio ninaoupenda.

Kazi huanzia ndani ya tunda. Linalofaa ni lile lililoanguka lenyewe, ganda limekauka kabisa. La kijani lina sumu, tena mbegu zake ni changa. Lililoiva hupondwa kwa vidole kwenye kikombe cha maji, likaachwa siku moja au mbili mpaka utelezi ulegee. Mbegu nzima huzama, hafifu huelea pamoja na nyama. Tunda moja, lenye upana wa sentimita mbili tu au pungufu, hutoa mbegu zaidi ya mia, ndogo kuliko za nyanya. Mwenye pupa huzifukia chini sana, zikafia humo. Fundi huzitandaza juu ya udongo, akazipitishia mchanga mkavu kidogo, zisionekane tu, basi. Maji hayamwagwi, hunyunyizwa kwa vidole. Kisha ni kungoja, pengine majuma mawili au zaidi, udongo usikauke wala usilowe. Natazama uvumilivu huo kwa heshima kubwa, maana kipindi hicho chote hakuna cha kuonyesha jirani.

Udongo nao una masharti. Mmea huu ni wa ukoo mmoja na nyanya, kwa hiyo udongo uliowahi kubeba nyanya zilizougua haufai. Mchanga wa mtoni, udongo mweusi na samadi iliyooza vizuri vyatosha. Chini ya chombo hutobolewa matundu, juu yake vipande vya tofali.

Miche ikishafikisha majani manne au matano, hubaki mmoja kwa kila bidoni. Kung'oa mche wenye afya kunauma, lakini mikono iliyozoea haisiti.

Kwa upande wa jua, Uvira imependelewa. Linachomoza ng'ambo ya ziwa, juu ya milima ya Burundi, na jioni milima ya Mitumba hulificha mapema. Ukuta unaotazama ziwa hupata mwanga wa asubuhi, halafu kivuli wakati joto limekithiri. Hilo ni muhimu kuliko samadi, kwa maoni yangu, kwa sababu joto likizidi, maua ya manjano yenye madoa meusi hudondoka kabla ya kushika tunda. Ndiyo maana napendelea mbegu zipandwe mvua zinapokaribia kwisha, maua yakutane na usiku wenye ubaridi wa Juni na Julai, magonjwa ya ukungu yakiwa yamepungua. Gharama yake ni kunywesha kwa mkono kila siku.

Ustadi mkubwa zaidi huja kwenye mavuno. Kati ya bidoni zote, fundi hutafuta mmea ulioshikilia maua yake siku za joto kali, hata kama matunda yake si makubwa, na mbegu za msimu ujao hutoka kwenye huo peke yake.