Bei ya Kitabu cha Noti za Bandia

Msomaji, mama auzaye maziwa Kimumu, kando ya barabara iendayo Iten, akipokea noti moja ya bandia ya shilingi 1,000, kazi yake ya siku nzima imepotea. Hofu ya namna hiyo ndiyo iliyomfanya Laban Heath wa Boston, Marekani, atoe kitabu chake mwaka 1864. Kabla ya hapo zaidi ya benki elfu moja za nchi ile zilikuwa zimetoa noti zao wenyewe, na matapeli hawakulala.

Heath alikiita kitabu chake kigunduzi kisichokosea. Majivuno hayo siyasifu, ila njia yake naisifu: aliweka mbele ya msomaji nakshi za noti halali, akalizoeza jicho kuijua kweli kwanza. Hata leo Benki Kuu ya Kenya hutuambia tuipapase noti, tuitazame kwenye mwanga, tuiinamishe.

Siku hizi kitabu hicho huuzwa minadani. Wanunuzi huhesabu kurasa za picha. Mmoja ukikosekana, bei huanguka. Katika hili wana haki, maana picha ndizo kitabu. Lakini aghalabu nakala safi huipita bei ile yenye alama za vidole, na hapo nawapinga. Nakala isiyo na doa yamkini haikumwokoa mtu hata mmoja, ilhali iliyochakaa ilikaa juu ya meza ya karani, ikafunguliwa kila noti ya shaka ilipofika. Ningepewa nafasi ya kuchagua, ningeichukua hiyo chafu, nipate kuona ni ukurasa upi uliofunguliwa zaidi.